Kufunga, Kushika na Kukatika: Vitenzi vya Breki za Tela

Mfasiri anayepewa kijitabu cha maelekezo kuhusu breki za umeme katika tela dogo la kuvutwa na gari hudhani kazi yake ni nyepesi. Breki ni neno lililokwisha kuota mizizi katika ngeli ya i-/zi-. Umeme hauna utata. Kiunganishi ‘za’ kinatosha kuyaoanisha. Jina hilo tunalikubali. Shaka yetu iko katika vitenzi vinavyolifuata, na hapo hatari si ya lugha peke yake.

Yafaa tuanzie Nachingwea, kwa sababu ni sehemu chache za nchi hii zilizopata kupokea mashine nyingi kwa ghafla kama ilivyopokea wilaya hiyo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Mpango wa Karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea, kwa nia ya kulima zaidi ya ekari milioni 3. Matrekta hayakutosha, hata vifaru vya Sherman vilivyobaki baada ya vita vikageuzwa kuwa matrekta. Kwa ajili ya karanga hizo ilijengwa bandari ya Mtwara, na reli ikafikishwa Nachingwea. Mpango ulivunjwa mwaka 1951, baada ya kuteketeza zaidi ya pauni milioni 30, na reli nayo ilifungwa miaka ya mwanzo ya 1960. Leo hapo, na katika wilaya jirani ya Ruangwa, mazao yanayotajwa ni korosho na ufuta, na magunia yake husafiri kwa malori na kwa matela ya trekta.

Majina ya vyombo hivyo hayakungoja kamati yoyote. Tela limeacha sauti ya ‘r’ iliyokuwa ikisumbua ulimi. Trekta limeing’ang’ania, tena likapata mwenziwe, tingatinga, ambalo sikioni ni kama mlio wa injini yenyewe. Breki nazo mafundi wamezipanga kwa utaratibu ambao mwanaistilahi angeuonea fahari. Wanazo breki za mafuta na breki za upepo. Kila aina imepewa jina la kile kinachochukua nguvu kutoka mguu wa dereva hadi gurudumuni. Wapo wanaotaka upepo uitwe hewa, kwa hoja kwamba upepo ni hewa inayokwenda. Sisi hatuoni haja. Anayejaza tairi upepo hajakosea Kiswahili. Breki za umeme zinaingia katika mpango huo bila kusukumwa.

Lakini majina yanayofanana huficha tofauti ya tabia. Katika breki za umeme, mkondo kutoka betri ya gari hupita katika waya hadi kwenye sumaku iliyomo ndani ya ngoma ya gurudumu. Sumaku ikipata umeme huvutwa na ngoma inayozunguka, husukuma mkono, na mkono huzikandamiza shuu za breki kwenye ngoma. Umeme ukiisha, shuu huachia. Breki za upepo za tela la lori kubwa ni kinyume: mpira wa upepo ukipasuka au tela likichomoka, breki hushika zenyewe. Kwa hiyo tela la umeme huongezewa betri yake ndogo, na swichi inayofyatuka kwa kuvutwa waya pale tela linapochomoka garini.

Tofauti hii imewahi kugharimu roho za watu. Tarehe 12 Juni 1889, karibu na Armagh huko Ireland, garimoshi lililojaa watoto wa shule lilishindwa kupanda mlima, likagawanywa sehemu mbili. Breki zake zilifanya kazi kwa nguvu iliyotoka kwenye injini. Mabehewa ya nyuma yalipofunguliwa, nguvu hiyo ikakoma. Yakabaki yameshikwa na breki ya mkono na mawe yaliyotiwa chini ya magurudumu, kama vile utingo wetu atiavyo jiwe au kigogo lori linapokwama mlimani. Mabehewa yalirudi nyuma, na watu wapatao 80 walikufa. Mwaka huohuo Bunge la Uingereza lililazimisha magarimoshi ya abiria yawe na breki zinazoshika zenyewe pindi garimoshi linapokatika.

Sasa turudi kwenye vitenzi. Fundi hufunga breki, maana huziweka mahali pake. Dereva naye hufunga breki, maana husimamisha gari. Basi mwalimu akiandika ‘breki za tela zimefungwa’, mwanafunzi aelewe nini? Kwamba zimewekwa, au kwamba zimekandamiza na tela haliondoki? ‘Breki zimekatika’ ni mashaka zaidi. Kwa mazoea yetu maana yake ni kwamba chombo hakina tena kizuizi, lakini mtu akiitumia kueleza mpira wa upepo uliokatika, tela halitakimbia hata kidogo: litaganda barabarani. Na waya wa umeme ukikatika, pasiwe na ile betri ndogo, tela litamsukuma dereva katika mteremko, naye akidhani bado limeshikwa.

Tunapendekeza kufunga kuachwe kwa kazi ya fundi tu. Dereva akanyage breki. Breki zishike au ziachie, kama tunavyosikia kila siku gereji watu wakilalamika kwamba breki hazishiki. Kukatika kusitumike kwa breki kamwe katika maandishi ya kitaalamu, bali kwa waya au mpira, na matokeo yatajwe papo hapo. Kibao cha onyo katika tela la umeme kingesomeka: ‘Waya ukikatika, breki za tela hazitashika.’ Na katika tela la upepo: ‘Mpira ukikatika, breki za tela zitashika zenyewe.’