Mtoto wa Marumaru na Mtoto wa Maneno

Mwaka 1788 Jean-Antoine Houdon, mchongaji wa Ufaransa, alichonga kwa marumaru sanamu ya binti yake Sabine, aliyezaliwa 1787. Jiwe humsimamisha mtoto katika umri mmoja; Sabine alipokua, baba alimtengenezea sanamu nyingine.

Katika Ziwa Viktoria, kaskazini ya Kigongo na Mwanza, Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimhifadhi mtoto kwa maneno. Riwaya yake ya Kikerewe ilikamilika 1945. Tafsiri yake mwenyewe ya Kiswahili ilichapishwa 1980. Humo Myombekere na Bugonoka, walioteseka kwa kukosa mtoto, huwapata Ntulanalwo na Bulihwali, nao hukua hadi utu uzima. Kitereza alifariki 1981. Watoto hao wangali wanakua kila kitabu kifunguliwapo.