El Muerto, shujaa wa fotokopi

Javier Hernandez, mchoraji wa vitabu vya katuni wa eneo la Los Angeles mwenye asili ya Mexico, hakungoja kampuni kubwa zimpigie hodi. Mwaka 1998 alimtoa shujaa wake, El Muerto, kwa mara ya kwanza katika kijitabu cha fotokopi, cheusi na cheupe.

Mtazame vizuri. Diego de la Muerte, ndiye El Muerto mwenyewe, amevaa suti nyeusi ya wanamuziki wa mariachi, uso kaupaka rangi kama fuvu. Alikuwa akienda kwenye sherehe ya Siku ya Wafu aliponyakuliwa na miungu ya kale ya Waazteki, akiwemo Mictlantecuhtli, bwana wa kuzimu. Akarudi duniani maiti anayetembea.

Anayejichapishia huandika, huchora, kisha hukaa mezani kwenye maonyesho akiuza nakala mojamoja. Ni kazi ya kuchosha, ila mhusika hubaki mali yake. Jaji Margarito Garza wa Texas alikwisha kuipita njia hiyo mwaka 1977 na shujaa wake Relámpago.

El Muerto alifika kwenye filamu mwaka 2007, akiigizwa na Wilmer Valderrama. Mwaka 2011 Hernandez alishiriki kuanzisha Latino Comics Expo, maonyesho ya wachoraji wenye asili ya Amerika ya Kilatini.