Goba, Mbezi Beach na mpaka ambao maji hayaujui

Mvua zikianza kila Mbongo hugeuka mtabiri wa hali ya hewa. Leo tuache utabiri, tuongee historia kidogo: maji yakitoka kwako yakaingia kwa jirani, nani anawajibika?

Chukua hapa Goba. Kwa miaka mingi tulikuwa Kinondoni. Manispaa ya Ubungo ilipoanza kazi mwaka 2016 tukahamishiwa huko, pamoja na Kimara, Kibamba na kata nyingine za huku juu. Mbezi Beach ikabaki Kinondoni. Mstari ukachorwa, akapatikana meya mpya, mkurugenzi mpya na mihuri mipya. Ila mvua ikinyesha Goba, maji yanateremka vilevile kama zamani, yanafuata Mto Mbezi hadi baharini. Anayechimba mchanga mtoni huku juu, au anayejenga ukuta na kubana njia ya maji, yuko chini ya Ubungo. Anayeamka na kukuta sofa linaelea ni mkazi wa Kinondoni, na diwani wake hana kiti kwenye baraza la Ubungo. Amlilie nani?

Tatizo hili liliwahi kufikiriwa. Mwaka 1996 serikali ilivunja Halmashauri ya Jiji iliyokuwa imeshindwa hata kuzoa taka, ikaweka Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja. Tume ilipomaliza kazi mwaka 2000 zikazaliwa manispaa tatu, Ilala, Kinondoni na Temeke, na juu yake Halmashauri ya Jiji ya aina mpya. Kisheria Jiji lilipewa kazi ya kuratibu manispaa, kushughulikia mambo yanayozigusa zote, na huduma za dharura kama zimamoto na uokoaji. Madiwani wake walitoka kwenye manispaa zenyewe. Kwa karatasi, ndicho chombo ambacho mtu wa Mbezi Beach angekihitaji.

Kwa vitendo? Habari za Jiji zilizofika ukurasa wa mbele zilikuwa kituo cha mabasi Ubungo, dampo, na nani awe meya. Uchaguzi wa meya wa 2016 uliahirishwa mara kadhaa kabla ya Isaya Mwita kushinda. Sikumbuki mto wowote uliowahi kugombaniwa namna hiyo. Hata zimamoto iliondoka mikononi mwa halmashauri baada ya sheria ya 2007 iliyounda jeshi la taifa la zimamoto na uokoaji.

Maafa yenyewe hayakusubiri. Mabomu yalipolipuka Gongo la Mboto usiku wa Februari 16, 2011, watu wa Ilala walikimbilia Uwanja wa Uhuru ulioko Temeke. Desemba mwaka huohuo yakaja mafuriko makubwa, watu wapatao 40 wakafa. Mto Msimbazi unatoka milima ya Pugu, upande wa Kisarawe ambayo ni mkoa wa Pwani, na pale Jangwani unatenganisha Ilala na Kinondoni. Yaani bonde moja, wakurugenzi wawili, kila mmoja na kingo yake! Waathirika wakapelekwa Mabwepande, karibu na Bunju. Uamuzi huo haukutoka kwenye meza ya madiwani wa pande mbili. Ulitoka juu, kama kawaida yetu.

Sheria nazo zimefuata mipaka ileile. Ya 1990 ilihusu zaidi kuratibu misaada. Ya 2015, na baadaye ya 2022 iliyochukua nafasi yake, zikaweka kamati za maafa kuanzia taifa hadi chini kabisa. Ni hatua nzuri, sibishi. Lakini kamati ya wilaya inaishia mwisho wa wilaya, na mto hauishii hapo.

Halafu Februari 2021 Rais Magufuli akaivunja Halmashauri ya Jiji, na Ilala ikapandishwa kuwa ndiyo Jiji la Dar es Salaam. Sababu za gharama nazielewa: chombo kisicho na eneo lake kinachoishi kwa michango ya manispaa. Lakini tangu hapo Jiji ni moja tu kati ya halmashauri tano, na uratibu umebaki kwa mkuu wa mkoa na TAMISEMI. Mradi wa Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022, unasimamiwa na TARURA, ambayo ni taasisi ya serikali kuu. Pengine bila hivyo usingeanza. Msimbazi umebahatika kwa sababu unafunga njia ya kwenda Kariakoo, ukifurika nchi nzima inajua. Mto Mbezi hauna bahati hiyo.

Sheria ya mamlaka za miji ya 1982 inaruhusu halmashauri kuunda kamati ya pamoja. Kwa hiyo Ubungo na Kinondoni hazihitaji kusubiri fedha za mkopo wala barua kutoka Dodoma ili kukaa meza moja. Ajenda ya kwanza inaweza kuwa karatasi moja tu: nani amepewa kibali cha kuchimba mchanga Mto Mbezi, wapi, na hadi lini.