Herufi Zenye Vijiguu

Ndugu Waislamu, hapa Karatu na huko juu Ngorongoro vitabu vyetu vingi vya dini vya Kiswahili vimepigwa chapa kwa herufi za Kirumi. Zitazameni: herufi nyingi zina vijiguu vidogo nchani. Vijiguu hivyo Warumi walivichonga katika mawe, na Mfaransa Nicolas Jenson akavitia katika herufi za risasi mjini Venice mwaka 1470.

Mwaka 1929 Stanley Morison alililaumu gazeti la The Times la London kwa chapa yake mbovu. Wenyewe hawakukasirika, wakampa kazi airekebishe. Victor Lardent akachora kwa uongozi wake, na tarehe 3 Oktoba 1932 gazeti likatoka na Times New Roman, herufi zisizokula nafasi wala kulichosha jicho.

Lakini kupima herufi si elimu ya Wazungu peke yao. Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, alipima kila herufi kwa nukta za kalamu yake. Wazee wetu wa pwani waliandika Kiswahili kwa herufi hizo za Kiarabu, barua na mashairi. Skuli ziliposhika za Kirumi, wakaitwa wasiosoma. Dhulma hiyo!

Na leo? Kitabu cha fikihi kinatolewa kopi, na kopi ikatolewa kopi, mpaka vijiguu vimefutika. Mzee mwenye miwani hapambanui h na b, naye ndiye tunayemngojea atusomeshe.