Panya walivyoangamizwa ili kasuku adimu aishi

Kakapo ni kasuku wa New Zealand asiyeweza kuruka angani. Anapohisi hatari, husimama tuli. Hila hiyo ilimfaa enzi ambapo maadui wake walikuwa ndege wanaowinda kwa macho, lakini haifui dafu mbele ya panya, paka na vicheche walioletwa na binadamu, ambao huwinda kwa kunusa. Isitoshe, jike hulea peke yake. Anapotoka usiku kutafuta chakula, mayai na makinda hubaki bila mlinzi.

Katika miaka ya themanini, wahifadhi walianza kuwahamishia kakapo katika visiwa vidogo, kikiwemo Whenua Hou, kusini mwa nchi hiyo. Hata huko panya walikuwepo. Kufikia mwaka wa 1995, ni kakapo 51 pekee waliojulikana kuwa hai.

Mnamo 1998 ndege hao waliondolewa Whenua Hou kwa muda, nazo helikopta zikamwaga chambo chenye sumu hadi panya wakatokomea. Kufikia 2022, idadi ya kakapo ilikuwa 252.

Hata hivyo, panya mmoja mwenye mimba akipenya ndani ya mzigo anaweza kubatilisha juhudi za miaka mingi. Ndiyo maana hakuna anayeruhusiwa kukanyaga kisiwa hicho bila kibali, na mizigo hukaguliwa kabla ya safari.