Irabu Mbili Zilizopotea

Wasikilizaji wetu, kila mtoto wa shule ajua ya kuwa Kiswahili kina irabu tano: a, e, i, o, u. Walakini Wakikuyu wa Kenya wana irabu saba, na Wasukuma vivyo hivyo. Katika maandishi ya Kikuyu zile mbili za zaidi huandikwa ĩ na ũ. Ya kwanza hukaa kati ya i na e zetu, ya pili kati ya u na o.

Je, wao wameongeza mbili, au sisi tumepoteza mbili? Mjerumani Carl Meinhof, katika kitabu alichokitoa mwaka 1899, alilinganisha lugha za Kibantu na kuonyesha ya kuwa lugha mama ilikuwa na saba. Basi sisi ndio tuliopoteza.

Ushahidi tunao vinywani mwetu. Mvua kwa Kikuyu ni mbura, na mbuzi ni mbũri. Sisi twatamka u moja tu katika maneno yote mawili, lakini wao wana mbili mbalimbali. Ile u ya mbura hubana sana njia ya pumzi, na zamani katika Kiswahili mbano huo uliigeuza b kuwa v. Ndipo tukapata mvua. Ile ũ ya mbũri haibani hivyo, na b ya mbuzi ikasalimika. Kisha ndipo irabu hizo mbili zilipochanganyika kwetu zikawa moja. Kama zingalichanganyika kwanza, leo mnyama yule tungalimwita mvuzi!

Kwa hiyo haitupendezi kusikia watu wakisema kwamba kialama kile cha Kikuyu ni pambo tu. Wako hata Wakikuyu wenyewe wanaokiacha kwa haraka ya kuandika. Mtoto ajifunzaye kusoma kwa maandishi ya namna hiyo hulazimika kukisia sauti ambayo babu yake huitamka pasipo shaka.

Na mwenye kutaka ushahidi wa i pia, atazame kulima shamba na kuzima taa. Zamani vitenzi hivi vilianza kwa sauti moja, vikitofautiana kwa irabu tu. Katika kuzima ilikuwamo i ya kubana, ikaleta z. Lakini kulima Wakikuyu hukuita kũrĩma, kwa ĩ. Ndiyo sababu l yetu haikugeuka.