Kujifunza Uuguzi Kando ya Kitanda

Watu waandikapo habari za miaka iliyopita hukumbuka kwanza majengo, na mikono iliyofanya kazi ndani yake husahauliwa. Basi hapa twapenda kueleza kidogo jinsi wauguzi wa Dar es Salaam walivyojifunza kazi yao, maana jambo hili lahusu kila nyumba iliyopata kuuguza mtu.

Zamani za Wadachi hospitali ya pwani, Ocean Road, ilifunguliwa mwaka wa 1897 kwa ajili ya Wazungu. Ya Waafrika na Wahindi ilijengwa kwa fedha za Sewa Haji, tajiri wa Bagamoyo, aliyefariki mwaka uo huo. Wasaidizi wa siku zile walijifunza zaidi kwa kutazama na kutenda: kuosha kidonda, kufunga kitambaa, kupima dawa. Hata kule kusini, Dr. Leader Stirling alipofika nchi ya Masasi mwaka wa 1935 na kufanya kazi Lulindi, aliwafundisha wauguzi palepale penye wagonjwa. (Ndiye aliyekuwa Waziri wa Afya tangu 1975 hata 1980.)

Mwaka wa 1956 ikafunguliwa Hospitali ya Princess Margaret, ambayo baada ya uhuru iliitwa Muhimbili. Na jina la Sewa Haji limesalia humo katika wodi. Tena mwaka wa 1997 kikaanzishwa chuo kikuu cha Hubert Kairuki, Mikocheni. Lakini mji ulikua kupita vitanda vyake. Mwaka wa 1967 watu wake hawakufika 300,000. Mwaka wa 2022 walihesabiwa zaidi ya 5,380,000. Ndipo Mwananyamala kwa Kinondoni, na Temeke kwa upande wa kusini, zikawa hospitali za rufaa za mkoa, na wanafunzi wa vyuo mbalimbali wakapelekwa huko.

Wagonjwa huko si haba; mwanafunzi huona malaria, kisukari, ajali za pikipiki, na wazazi wengi mno. Shida ni kwamba wanafunzi nao ni wengi. Mmoja hushika sindano, wanane hutazama, na mama mwenye uchungu huona haya kuzungukwa na macho ya wageni. Mwanasesere wa darasani afaa kwa mwanzo, twakubali, lakini hatetemeki, wala hamwulizi mtu, “Mwanangu, umeshafanya hivi?” Kila mwanafunzi ana kijitabu cha kutiwa sahihi kwa kila kazi aliyoitenda, na muuguzi mwenye wagonjwa tele hana nafasi ya kusimama naye. Sisi twaona heri wachache washike kazi kuliko wengi kutiwa sahihi kwa kutazama.

Zamu ya usiku ndiyo yenye mafunzo mengi, kwa maana watoto huzaliwa bila kungoja mapambazuko. Walakini anayekaa Mbagala au Bunju huitazama saa mapema, ahesabu nauli, aondoke kabla giza halijaingia.